Ekari Tatu za Chanika: Kukata Viwanja au Kuendelea Kulima?

Maswali ya mwezi huu karibu yote yametoka kwa watu wanaolima pembezoni mwa Dar es Salaam, au wanaokula kinacholimwa huko. Tumechagua manne. La kwanza tumelijibu kwa urefu, kwa kuwa ndilo linalobeba kiini cha jambo lenyewe.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu na mjane. Ninaishi Chanika kwenye shamba la ekari tatu aliloniachia marehemu mume wangu. Sehemu kubwa ni kichanga chenye minazi, mikorosho michache na muhogo, na upande wa chini kuna bonde lenye mto mdogo ambao haukauki ila kiangazi kikizidi. Wanangu wanaishi mjini, na wote wananishauri tukate viwanja tuuze. Dalali naye haishi kupita na wateja. Muhogo wenyewe unaibwa usiku. Je, kilimo cha mahali kama hapa kina thamani ya kweli, au ninang'ang'ania kwa mazoea tu? (Mstaafu, Chanika)

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa muhogo ulioibwa.

Wanao hawajakosea hesabu, na si haki kuwaona kama watu wasiothamini urithi wa baba yao. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Kwenye karatasi hutoa viwanja 10 vya mita 20 kwa 20, na ukishatoa barabara na mipaka hubaki 7 au 8. Hakuna muhogo utakaokulipa kwa mwaka kiasi ambacho kiwanja kimoja kitakulipa siku ya kuuzwa. Ukiweka muhogo upande mmoja wa mizani na viwanja upande wa pili, muhogo utashindwa kila siku, na hivyo ndivyo mashamba mengi ya Mbagala, Goba na Mbezi yalivyogeuka nyumba.

Hata hivyo, ulinganisho huo una kasoro, kwa sababu muhogo si zao linalostahili mahali ulipo. Muhogo hauna haraka. Unaweza kulimwa mbali, ukasafirishwa kwa lori na kufika ukiwa bado unauzika, kwa hiyo mkulima wa Chanika anashindana na mkulima wa mbali ambaye ardhi yake ni ya bei ya chini mno. Jambo hili lilielezwa zamani na Johann Heinrich von Thünen, mkulima na mwanauchumi wa Ujerumani, ambaye mwaka 1826 alionyesha kwamba mji uliozungukwa na mashamba hujipangia mazao kwa duara. Duara lililo karibu kabisa na mji huwa la mboga na maziwa, kwa kuwa vitu hivyo haviwezi kungoja safari, na nafaka na mifugo ya kuchungwa husogea mbali. Tangu wakati huo kumekuja reli, lami na majokofu, na kabichi ya Lushoto, nyanya za Iringa na viazi vya Njombe hufika Kariakoo na Ilala bila taabu. Lakini mchicha wa Dar es Salaam hausafiri kwenye jokofu. Husafiri kwenye tenga, juu ya bodaboda au kichwani, na jua la saa sita likiukuta haujauzwa, umekwisha kazi. Kwa mchicha, matembele, kisamvu na mnafu, duara la kwanza bado lipo, na wewe umo ndani yake.

Ili uone pesa inakopita, fuata fungu moja la mchicha. Mbegu husiwa kwenye tuta lililochanganywa mbolea ya kuku iliyokwisha kuoza, humwagiliwa kwa keni asubuhi na jioni, na baada ya wiki 3 hadi 4 huwa tayari kung'olewa. Mara nyingi mkulima hauzi kwa kilo wala kwa fungu. Huuza tuta zima. Mama mchuuzi hufika alfajiri, hutembea kati ya matuta akitazama urefu, upana wa jani na matundu ya wadudu, wakapatana bei, kisha hung'oa mwenyewe, hukung'uta udongo kwenye mizizi, hufunga mafungu na kuondoka kabla jua halijapanda. Siku hiyo hiyo mkulima hulichimbua tuta lile na kulisia tena. Matembele ni ya subira kidogo, lakini marando yakishashika huchumwa mara kwa mara bila kupandwa upya. Ardhi inayorudisha fedha kila mwezi haiwezi kupimwa kwa kipimo cha shamba linalongoja mwaka mzima.

Swali lako linauliza thamani kwako, lakini thamani kwa jiji nayo inahusika, kwa kuwa ndiyo inayokupa soko. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikawahesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni 1 wameongezeka katika miaka 10, na wengi wao hununua mboga ya siku kwa siku kwa sababu hawana friji au hawana fedha ya kuweka akiba. Makadirio ya miaka ya 1990, ambayo watafiti wanayanukuu hadi leo, yalisema kwamba hadi asilimia 90 ya mboga za majani zilizoliwa Dar es Salaam zilitoka ndani na pembezoni mwa jiji lenyewe. Takwimu hiyo ni ya zamani na nisingeapa kwayo leo, lakini sababu iliyoizaa haijaondoka: jani laini halijajifunza kusafiri. Mahindi, mchele na maharage ya jiji hili yataendelea kutoka mikoani, na anayewaambia watu kwamba mashamba ya pembezoni yatalisha mji mzima anawadanganya. Kazi ya mashamba hayo ni kukifanya kile chakula cha mikoani kiwe mlo kamili, kwa bei ambayo mama wa Buguruni anaimudu.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye bei ya fungu. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe na kushuka hadi baharini ukipitia bonde la Jangwani, karibu na katikati ya jiji. Mvua ya Desemba 2011 ilipozidi, mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini. Ardhi ya kichanga yenye miti na matuta hunywa sehemu ya mvua. Bati, saruji na uwanja ulioshindiliwa huipeleka yote bondeni kwa wakati mmoja. Hakuna anayemlipa mkulima wa ukingoni kwa maji ambayo shamba lake limeyazuia yasifike Jangwani, na kwa maoni yangu hilo ni moja ya mapengo makubwa katika namna tunavyopanga miji yetu.

Sasa tuje kwenye ekari zako. Usizichukue kama kitu kimoja. Lile bonde ambalo dalali hulipita haraka anapomtembeza mteja ndilo lenye thamani kubwa ya kilimo na thamani ndogo ya kiwanja. Nyumba ya bondeni hupata ufa, choo chake hujaa maji masika, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mnunuzi wa kiwanja cha hapo ananunua kesi. Kwa upande mwingine, udongo wa bonde umeshiba mboji na maji yapo karibu, jambo ambalo mkulima wa kichanga cha juu hulipia kwa pampu na mgongo. Kumbuka tu kwamba sheria hiyo haiilengi nyumba peke yake. Inahusu pia shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji, kwa hiyo matuta yasianzie kwenye ukingo, sumu za wadudu zisipigwe karibu na mto, na kabla ya kuanza zungumza na afisa mazingira wa halmashauri yenu.

Ningekuwa ndugu yako ningekushauri hivi. Bonde na ukanda unaopakana nalo visiuzwe. Kama familia inahitaji fedha kwa jambo la msingi, uza sehemu ya juu iliyo karibu na barabara, lakini baada ya kupimwa na mchoro kuidhinishwa, wala si kwa kumkatia kila mteja kipande anachokionyesha kwa kidole. Mashamba yaliyouzwa kwa vipande bila ramani ndiyo yaliyozaa mitaa isiyo na njia ya gari la wagonjwa. Minazi na mikorosho iliyobaki iache. Haikudai kitu, na wathamini huihesabu endapo siku moja ardhi itatwaliwa.

Kuhusu nguvu kazi, umri wako hauruhusu keni mbili asubuhi na jioni, na wala si lazima. Wapo vijana na kina mama wanaotafuta pa kulima na ambao hukodi eneo kwa idadi ya matuta. Andikianeni mkataba mfupi mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtaje muda, kodi, aina ya mazao na nani anayenunua mbolea. Mkataba huo utakusaidia pia katika wizi, kwa sababu bonde lenye watu tangu alfajiri hadi magharibi si rahisi kuibiwa, na hakuna mwizi wa kupoteza usiku wake aking'oa mchicha. Kama mmoja wa wapangaji anafuga kuku wa nyama, ambao hukaa bandani wiki 5 hadi 6 tu kabla ya kuuzwa, mtapata mbolea bila nauli. Ila isimwagwe ikiwa mbichi, maana huunguza miche.

Waite wanao siku moja, waonyeshe hesabu ya matuta kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha zungumzeni upya. Huenda wakabaki na msimamo wao kuhusu sehemu ya juu, na hapo hawatakuwa wamekosea.

SWALI: Ninakaa Tabata na ninanunua mchicha kwa mama anayepita mtaani kila asubuhi. Nimeambiwa unamwagiliwa maji machafu ya mabondeni. Nikiuosha kwa maji ya chumvi inatosha? (Mama wa watoto wawili, Tabata)

JIBU: Hatari ziko mbili, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Ya kwanza ni vijidudu na mayai ya minyoo kutokana na maji yaliyochanganyika na kinyesi. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi yasizidi bakteria 1,000 wa kinyesi kwa kila mililita 100, na mifereji mingi inayopita katikati ya makazi yasiyo na mabomba ya majitaka haiwezi kufikia kiwango hicho. Lakini sisi mchicha hatuuli mbichi. Ukiusuuza kwa maji safi mara kadhaa, kisha ukaupika hadi uive, vijidudu hufa. Chumvi haiongezi mengi. Mboga za kuogopa zaidi ni zile za kachumbari na saladi, yaani letisi, kotimiri na figili, ambazo hupita moja kwa moja kutoka shambani hadi sahanini. Uchafu mwingine huingia baada ya mavuno: mafungu huchovywa mferejini yapate kung'aa kabla ya kupelekwa sokoni, na mara nyingi ni mferejini mule mule mtoto wa jirani anakofulia.

Hatari ya pili ni madini mazito kama risasi na kadimiamu, yanayotoka viwandani, gereji, betri chakavu na madampo. Haya hayafi kwa moto wala hayatoki kwa kuosha, kwa kuwa yamo ndani ya jani. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, lakini risasi iliyotua kwenye udongo wa kando ya barabara kuu haiozi, na mchicha ni miongoni mwa mimea inayofyonza madini kwa urahisi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mama huyo ni mboga yake imetoka wapi, kuliko kama ni safi. Akisema imetoka shamba la pembezoni linalotumia maji ya kisima, mbali na viwanda, una sababu ya kutulia. Pembezoni nako si peponi, kwa kuwa dampo kubwa la jiji liko Pugu Kinyamwezi, lakini kwa jumla kadiri unavyopanda kuelekea chanzo cha mto ndivyo maji yanavyokuwa yamepita kwenye vyoo na gereji chache. Hii ni sababu nyingine ya kutoacha mashamba ya ukingoni yamezwe: yakiisha, kilimo cha mboga hakitaisha, kitarudi nyuma kwenye mitaro ya katikati ya mji. Badilisha pia mboga na wauzaji, usile ya bonde moja siku zote, hasa kwa watoto wadogo.

SWALI: Ninalima mboga Bunju kwenye kiwanja cha mtu anayeishi nje ya nchi. Aliniruhusu nilime ili nimlindie kisivamiwe, kwa sharti kwamba nisipande mti wowote wa kudumu. Nimekaa miaka mingi. Akija kujenga, nitalipwa nini? (Mlinzi na mkulima, Bunju)

JIBU: Ndugu yangu, utaratibu huo umeenea sana jijini na una faida kwa pande zote mbili, lakini wewe ndiye uliyesimama upande mwembamba. Sharti la kutopanda miti halikuwekwa kwa kuchukia maembe. Mti wa kudumu, kama jengo, ni uendelezaji unaothaminiwa na hutoa alama ya kuwepo kwako, ambayo mwenye kiwanja haitaki. Kukaa mahali kwa ruhusa ya mwenyewe hakukupi umiliki hata miaka ikipita, na anayekushauri ukafungue shauri kwa hoja ya kukaa muda mrefu atakupotezea nauli.

Unachoweza kudai, na kwa haki kabisa, ni muda. Andikianeni sasa, kwa barua pepe au ujumbe wa simu uliohifadhiwa, kwamba atakupa taarifa angalau miezi miwili kabla ya ujenzi, muda ambao mchicha ulio shambani utavunwa na kufungwa hesabu. Taja humo pia kazi yako ya ulinzi, kwa sababu mlinzi anastahili ujira, na mboga ulizokula haziwi ujira mpaka mkubaliane hivyo. Ikiwa ni serikali inayotwaa eneo, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, na kanuni zake za 2001 zinataja, pamoja na thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi na faida iliyopotea. Mthamini akipita, uwepo shambani na uhakikishe jina lako limeandikwa kwenye kilicho chako, usimwachie mwenye kiwanja akusemee akiwa ng'ambo.

SWALI: Sisi Nairobi tuna sheria ya kaunti ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini tangu 2015. Mbona Dar es Salaam mnalima kama watu wanaojificha? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Hatujifichi sana kama unavyofikiri. Wakazi wa miji ya Tanzania walihimizwa kulima na serikali yenyewe, tangu siku za azimio la Siasa ni Kilimo la mwaka 1972, na njaa na uhaba wa bidhaa vya miaka ya mwanzo ya 1980 vikawafanya hata watumishi wa ofisi wafuge na kulima nyuma ya nyumba. Kanuni za mipango miji za 1992 zilikitambua kilimo cha mjini na kukiwekea masharti. Kampala nayo ilitunga sheria ndogo zake katikati ya miaka ya 2000. Ruhusa, basi, ipo kote.

Kinachokosekana ni ardhi iliyotengwa, na hapo Nairobi haina la kutufundisha. Sheria yenu inamhakikishia mkazi kwamba kufuga na kulima si kosa, lakini haikuzuia mashamba ya kahawa ya Kiambu, Ruiru na kandokando ya barabara ya Thika kugeuka mitaa ya nyumba. Kwetu, mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima maeneo kama Kibada, Toangoma, Bunju na Buyuni, na ulifanya jambo jema la kuwapa watu viwanja vyenye hati, lakini sehemu kubwa ya maeneo hayo ilikuwa mashamba, na katika michoro ya aina hiyo shamba huonekana kama kiwanja ambacho bado hakijapimwa.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wadau washirikishwe mpango unapoandaliwa. Mkulima wa mboga ni mdau, ingawa siku ya mkutano huwa bondeni. Anayetaka bonde la mtaa wake libaki la kilimo aende akiwa na maombi mawili yaliyoandikwa na kusainiwa na walimaji wenzake: eneo lenyewe lichorwe kwenye mpango kama ardhi ya kilimo, lisiachwe tupu wala kuandikwa "eneo la wazi", kwa kuwa eneo la wazi huvamiwa, na njia ya kulifikia, ya upana wa kupita bajaji iliyobeba matenga, ichorwe pia, maana bonde lililozungukwa na kuta za nyumba pande zote haliwezi kutoa mboga hata likiwa na maji mwaka mzima.